Simu Iliyokufa kwa Fundi

Bisheni mkitaka, ila juzi hapa Babati nimeona simu iliyokufa ikifufuka. Shule sikumaliza, lakini macho ninayo.

Nilikuwa kwa fundi simu karibu na stendi. Akaja mama muuza maziwa wa Singe na binti yake wa miaka kama saba, ambaye siku hizi hali chakula bila gemu kwenye simu ya mama. Mama akamnong'oneza fundi, "Mwambie imekufa."

Fundi akaifungua mfuniko wa nyuma, akatikisa kichwa kama daktari. "Pole, mdogo wangu. Hii haiponi."

Binti akagusa kioo kwa kidole, kama anaaga. Mara simu ikaita.

"Mama, hii iliyokufa inaita."

Mama akatazama chini. Fundi akaanza kutafuta bisibisi. Binti akanyoosha kiganja, akapewa simu.

Wakubwa, mkitaka kudanganya watoto, zimeni simu kwanza.

Kuna sehemu nimeiruka. Aliyepiga ni mimi, mteja wake wa lita moja kwa siku na namba yake ninayo, pale pale kwenye benchi, nipate kucheka. Jioni mama akaniletea maziwa, binti nyuma yake macho kwenye kioo, mama akaniuliza nilikuwa namtafutia nini. Nikasema nilitaka kuongeza lita.

Sasa nanunua lita mbili kila siku.