Siku Nilipoosha Tangi la Mzee Kamande

Ninaikumbuka vizuri siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi chai inamwagika. Lakini siku yenyewe haikuwa ya kucheka. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimeandikwa kazi ya usafi katika kiwanda cha maziwa hapa Thika, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeua mifugo ya mtu bila kumwona hata ng'ombe mmoja.

Mimi shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo nitakueleza vile nilielezwa. Maji ya kuoshea mitungi na mabomba kiwandani si ya kumwaga hivi hivi. Yana maziwa, yana mafuta, yana sabuni. Ukiyaachilia mtoni yanaoza humo, samaki wanakosa hewa, na wenzetu wa Ngoliba wanaochota huko chini wanabaki wameshika pua. Ndiyo sababu nyuma ya kiwanda kulikuwa na matangi matatu. La kwanza lilikamata mafuta. La pili lilikuwa na mashine za kupuliza hewa, likatokota kutwa kama uji, rangi ya kahawia, povu juu. La tatu lilitulia tu, tope likashuka chini na maji safi yakapita juu kwenda mtoni.

Msimamizi wa matangi hayo alikuwa Mzee Kamande, mtu wa Gatundu, mrefu, mwenye buti za mpira zilizotiwa viraka. Kila asubuhi alisimama ukingoni mwa tangi la pili, akanusa, akasema, "Ng'ombe zangu zimeamka vizuri." Sisi wasichana wa usafi tulimwona kama amechanganyikiwa kidogo. Rafiki yangu Nduku, ambaye mdomo wake haukujua Jumapili, alimuuliza, "Mzee, hizo ng'ombe zako hukamuliwa na nani?"

"Hukamuliwa na mto," akajibu bila kugeuka. "Wewe kazi yako ni kukaa mbali nazo."

Mimi aliniambia mara mbili, "Kairitu," yaani msichana, "hili tangi usiliguse." Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni uvivu wa kusugua tu, na uzee.

Basi ikatangazwa kwamba wakaguzi wa serikali wangekuja Alhamisi kupima maji tunayoachilia. Yakiwa machafu, lango linafungwa na sote tunarudi nyumbani mpaka yatakapokuwa safi. Jumamosi kabla ya ukaguzi huo Mzee Kamande hakuwepo. Alikuwa na ruracio ya binti yake, siku ya kupokea mahari, wakwe wanakuja na mbuzi, na mzazi hawezi kukosa siku kama hiyo.

Sasa mimi nililelewa na mama ambaye wageni wakitajwa tu, hata mawe ya jikoni yalioshwa. Nikalitazama lile tangi la kahawia, povu limejaa kama limewekwa hamira, nikaona aibu kwa niaba ya kiwanda kizima. Wageni wa serikali waje wakute hivi? Nikabeba mitungi miwili ya klorini, ile kali tuliyokuwa tunapunguza na maji kabla ya kuosha sakafu, nikaimwaga yote ndani. Kisha nikachukua brashi ndefu nikasugua kuta hadi mabega yakauma. Povu likatulia. Nilirudi nyumbani nikijisifu, nikalala kama mtoto.

Jumatatu Mzee Kamande alirudi amechangamka, bado ananuka nyama ya kuchoma. Alifika ukingoni, akanusa, akainama kutazama. Tangi lilikuwa limegeuka kijivu. Lilitoa harufu ya yai viza, na maji yaliyokuwa yakipita tangi la tatu yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Ngai," akasema polepole. "Zimekufa zote."

Meneja akaja mbio, tai imepinda. "Mzee, nimekupa siku moja tu uende ruracio, na hivi ndivyo unanirudishia? Ulizima mashine?"

"Sikuzima chochote."

"Basi ni nani? Hii kazi ni yako. Wakaguzi wanakuja Alhamisi! Kama huwezi kunieleza, chukua vitu vyako uende."

Nduku alikuwa ameniona Jumamosi na ile mitungi. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Nyamaza wewe. Wataamini ni mashine." Na sikudanganyi, mwanangu, nilitaka sana kunyamaza. Kazi ile nilikuwa nimeitafuta miezi na miezi. Lakini nilimtazama yule mzee, ametoka kuoza binti yake kwa heshima, na sasa anavua kofia mbele ya kijana wa kumzaa. Miguu ikatembea kabla sijaamua.

"Ni mimi," nikasema. "Niliosha tangi."

"Ulioshaje?" Meneja akauliza.

"Na klorini. Na brashi."

Mzee Kamande akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji, buti mbele. "Atiriri! Nimefanya hii kazi mpaka nikapata mvi, na sijawahi kuona mtu wa kuziogesha!" Alipomaliza, akafuta macho na kunikazia uso. "Nilikukataza mara mbili."

"Hukuniambia sababu, Mzee."

"Na wewe hukuuliza. Basi makosa tugawane, lakini wewe chukua fungu kubwa."

Ndipo akanieleza. Ndani ya lile tope mlikuwa na vijidudu vidogo ambavyo jicho halivioni. Vilikula maziwa na mafuta yaliyobaki, vikapumua ile hewa ya mashine, vikashikana na kuzama, na nyuma yao yakabaki maji safi. "Ule uchafu ulioutia dawa," akasema, "ndio uliokuwa unafanya usafi. Mimi na wewe ni wasaidizi wake tu."

Meneja, nimpe haki yake, alifunga njia ya kwenda mtoni saa ile ile na kuyaelekeza maji kwenye bwawa la akiba. Kisha akawapigia wakaguzi simu akawaambia ukweli wote. Walimwongezea wiki mbili, si zaidi.

Tulikwenda Ruiru na lori na mapipa, kwenye kiwanda kingine kilichosafisha maji kwa njia hiyo hiyo, kuomba tope hai, vile mtu huenda kwa jirani kuomba mbegu. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mama aliyesimamia matangi ya huko alinipima kutoka kichwani hadi miguuni. "Ndiye huyu mwenye kuogesha ng'ombe za watu? Karibu mami, lakini mikono nyuma!" Walicheka wote, na mimi nikacheka, kwa sababu ningefanya nini?

Tukamwaga lile tope kwenye tangi letu na kuanza kulilisha. Siku ya kwanza maji machafu kidogo sana, ya pili tukaongeza kidogo, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mzee alinifanya ninuse asubuhi na jioni na kumwambia nimesikia nini. Wiki ya pili, asubuhi moja, nilinusa nikapata harufu ya shamba baada ya mvua. Mzee akachota kwenye gilasi ndefu, akaiweka juu ya ukuta. Tukasubiri karibu nusu saa, wasichana wote wameacha fagio zao. Tope likashuka taratibu, taratibu, na juu yake yakabaki maji ambayo ungeweza kuona mkono wako ng'ambo yake.

Tulipiga ngemi, vigelegele vya kwetu, kama mtoto amezaliwa! Hata Meneja alijaribu, sauti ikamkwama, tukamcheka wazi wazi. Wakaguzi walikuja, wakapima, wakatia sahihi. Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Na Mzee Kamande akaomba nitolewe usafi nikawe mwanafunzi wake. Nilifanya kazi kwenye matangi hayo hadi nikawa bibi.

Sasa nyinyi mnatoka chuo pale Juja na mitambo inayowaonyesha kila kitu kwenye kioo. Vizuri. Lakini wale wadudu ni wale wale, na watu ni wale wale. Mwanangu, ukifika mahali ukakuta kitu kinakuchukiza, uliza kinafanya kazi gani kabla hujakiondoa. Ukikatazwa, uliza sababu, hata kama anayekukataza ni mkali. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajavua kofia kwa ajili yako. Tope lililokufa tuliliombea lingine Ruiru. Jina la mzee yule likishachafuka, ningelipeleka kuoshwa wapi?

Mungu akupe kazi ya mikono na moyo wa kuipenda. Akupe wakubwa wanaokaripia na kucheka kwa pumzi moja. Na maji yatakayopita mikononi mwako yafike Ngoliba, mama fulani usiyemjua ayachote, ampe mtoto wake, na mtoto anywe aende kucheza.