Duara Kabla ya Sehemu

Pale chuo cha ufundi, mwalimu wa hesabu waliyembatiza Mama Ngazi alikuwa na wimbo wake mmoja: ngazi hupandwa kuanzia chini. Wanafunzi wa ushonaji waanze na sehemu, waje kwenye uwiano, duara liwe mwisho wa muhula. Mpango huo aliubandika ukutani kwa gundi, tena gundi ya mbao. Mtu wa kuubandua angebandua na rangi.

Tatizo, darasa lilikuwa linamkimbia. Kipindi cha hesabu kikifika, wasichana walikumbuka ghafla kwamba cherehani zinataka mafuta. Mkuu wa chuo alishamwambia bila kumung'unya maneno: viti vikizidi kuwa vitupu, muhula ujao vipindi vyake vitapewa karakana. Tangu hapo hata chakula hakikumpita vizuri. Hesabu aliipenda kama mtoto wa kumzaa.

Fundi mkuu wa ushonaji alikuwa amemfuata mapema.

"Mwalimu, mimi naanza na sketi ya duara. Nisaidie, duara litangulie."

"Sehemu hawazijui, duara wataliwezaje? Haraka haraka haina baraka, dada."

"Haya. Yetu macho."

Fundi hakungoja. Wanafunzi wakapima kiuno cha mwenzao, sentimita sitini na sita, wakachukua nusu yake, wakashikiza futi ya kupimia kwenye pembe ya kitambaa kilichokunjwa nne na kuchora tundu la kiuno. Mkasi ukapita. Mwenye kiuno alipoivaa, sketi ilimporomoka hadi miguuni. Tundu lilitosha kiuno chake na viuno vya wenzake wawili. Walicheka mpaka machozi, hadi walipokumbuka kitambaa ni cha chuo.

Fundi aliibeba sketi ile mpaka ofisini, akaitandaza juu ya meza ya Mama Ngazi, akaondoka. Mwalimu aliona aibu hasa. Waliokosea walikuwa watoto, lakini aliyewanyima somo ni yeye.

Kesho yake aliingia karakana mwenyewe. "Kiuno gawanya kwa sita nukta mbili nane. Jibu ndilo mnalopima kutoka kwenye pembe." Sababu hakuwapa, kwa kuwa msingi wa kuielewa hawakuwa nao. Ilimuuma kutoa jibu kavu namna ile, kama anayeuza dawa bila kumwambia mgonjwa inatibu nini. Wakapata kumi na nusu, wakajaribu kwenye karatasi, wakakata kitambaa. Sketi ikamkaa mwenye kiuno barabara, vigelegele vikapigwa.

Mama Ngazi alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti ya mtoro nambari moja, yule yule aliyeikata sketi ya kwanza.

"Mwalimu, subiri kwanza. Hiyo sita nukta mbili nane imetoka wapi?"

"Kengele ya chai imeshalia, mwanangu."

"Chai ipo tu. Tuambie."

Wengine nao walikuwa wameshavuta viti. Mama Ngazi akarudi ubaoni, akawapa mgongo kidogo ajifute macho. Miaka yote hiyo ya kufundisha, ndiyo kwanza anaombwa asiondoke.