Sahani za Nyumba ya Babu

Ta! Bati la paa lililia, nami, bado mtoto, nikajificha chini ya meza. Babu, mfanyakazi wa reli, alicheka: "Toka huko, mwoga wewe! Jua limepungua, nyumba inajinyoosha."

Basi niliamini ina uhai. Nyumba hiyo ya mbao, kongwe kama reli ya Nakuru, ilisimama juu ya nguzo fupi za mawe, kila nguzo ikiwa na sahani ya bati kichwani, chini ya mbao. Alasiri hiyo baba alinikuta nikizipakulia ugali, niilishe nyumba. Sasa nasomea usanifu wa majengo. Najua sahani hizo huzuia mchwa.

Jana fundi alimshauri baba aibomoe, eti mbao zimeliwa. Nilitambaa chini ya sakafu, nikagonga kila boriti. Kisha nikapiga simu.

"Baba, usibomoe! Sahani zote zipo, mbao ni nzima!"

Baba akacheka: "Na ugali wako je?"