Mlima Niliougeuzia Mgongo

Nilitoka Unguja mwaka mmoja baada ya mapinduzi, na London ikanipa kiti cha mlinzi katika jumba la makumbusho. Kwa miaka kumi na tisa nililinda picha moja ya mlima, kazi ya Mfaransa aliyepaka miti rangi ya buluu, na usiniulize kwa nini.

Historia yake niliijua kama jina langu. Mchoraji alimzawadia muoka mikate picha hiyo, mjane wa muoka mikate akaitundika jikoni, tajiri wa Kiingereza akainunua, na binti yake akaikabidhi kwa jumba letu. Kila mgeni nilimsimulia, atake asitake, huku picha nimeipa mgongo, maana mlinzi huangalia watu, haangalii ukuta. Nyumbani nililalamika kwamba Waingereza wanapita mbele ya picha bila kuiona.

Siku niliyostaafu, mke wangu Hansa alikuja kuuona huo mlima. Nikamsimamisha mbele ya picha, nikawageukia watu, nikaanza. Nilipofika kwa mjane, akanivuta mkono.

“Baba Nilesh, mlima uko wapi? Mimi naona mto na ng'ombe.”

Nikageuka. Ng'ombe watatu. Karatasi ukutani ilisema mlima umeazimwa na jumba moja la Paris tangu Oktoba. Tulikuwa Mei. Bila shaka waliubadilisha Jumatatu, siku yangu ya mapumziko.

“Kwani kazi yako hapa ilikuwa nini hasa?” Hansa akauliza.

“Kuhakikisha picha haipotei,” nikasema.