Wakubwa Watatu na Mwezi Mmoja

Ami yangu alikuwa mkubwa wa baraza la mji wetu wa Bagamoyo, miaka ile Waingereza walipokuwa wakitawala kwa midomo ya wazee wetu. Nyumbani alikuwa mtu mwema, mcheshi, mpenda kahawa. Ila akivaa joho tu, hata shingo yake ilirefuka. Baba yangu alikwisha kufa zamani, na mimi nilipofiwa na mume nikarudi kukaa kwa ami. Yeye ndiye aliyekuwa baba yangu na walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Nilikuwa mjane kijana, na ufalme wangu ulikuwa jikoni.

Mkutano wa wakubwa wa pwani uliletwa na sikukuu ya Idi. Mwaka uliotangulia nusu ya mji iliswali na kula pilau huku nusu nyingine imefunga, inanusa tu. Visiwani walikuwa wamekwisha kula zamani, na pwani ya kaskazini, ng'ambo ya mpaka, walikuwa bado wanautafuta mwezi. Makarani wa bomani walipumzika siku mbili. Wapagazi wa forodhani walipumzika tatu, kwa kuwa hawakutaka kumuudhi mtu yeyote. Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya, akaona serikali inaibiwa. Akasema wakubwa wa pwani wakutane kwetu, wakubaliane juu ya mwezi mmoja.

Basi wangekuja wageni wawili: mkubwa mmoja kutoka visiwani na mwingine kutoka kaskazini. Kila mmoja alikuwa na bendera yake, na kila mmoja alikuwa na Mwingereza wake wa kumwambia kwamba yeye si mtumishi wa mtu. Fahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tulikuwa tunaleta watatu, zizi lenyewe likiwa limepakwa chokaa jana yake.

Siku ya kuwapokea, ami alishuka pwani na joho lake, mji mzima nyuma yake. Sisi wanawake tulisimama kwenye kivuli cha ukuta wa forodha. Mgeni wa kaskazini alikuwa amefika mapema kwa njia ya bara, amechoka, amekaa kivulini anakunywa dafu. Mgeni wa visiwani alikuja na mashua ya serikali, na mashua ikatia nanga pale maji yalipokuwa yakifika kiunoni.

Ami akasimama ukingoni, akangoja salamu. Mgeni naye akakaa mashuani, akangoja salamu.

"Mbona haamkii?" aliuliza ami kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia. "Aliyepanda chombo ndiye humsalimu anayekwenda kwa miguu. Hiyo ni sheria."

Mtu wa ami akapita majini kupeleka maneno hayo. Akarudi na suruali imelowa.

"Anasema yeye hakupanda, bwana. Anasema yeye amekaa. Na anayetembea ndiye humsalimu aliyekaa."

"Mimi sitembei! Nimesimama!"

Mjumbe akaingia tena majini. Safari hii hakuhitaji kwenda mbali, kwa sababu maji yalikuwa yakipwa. Wanavyuoni wale walijadiliana hivyo, huyu nchi kavu, yule mashuani, mjumbe katikati, mpaka mashua ikakaa juu ya tope na kuinama upande. Mgeni wa visiwani, kilemba kimemlalia sikioni, aliteleza kidogo kidogo mpaka akashika ubao. Wapagazi wakaenda kumbeba. Alipotua mchangani, wote wawili wakasema "Assalamu alaykum" kwa pamoja, kwa haraka, kama watu wanaogombea mlango, na mpaka leo hakuna ajuaye nani alitangulia. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa buibui. Mama mkubwa, mke wa ami, alinifinya mkono nisicheke, na vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinatetemeka kwa kicheko.

Likaja suala la viti. Bwana Shauri alileta viti vitatu kutoka bomani, na kimoja kilikuwa na mikono. Lahaula! Ami alisema ni chake kwa kuwa ni mwenyeji. Wa visiwani alisema ni chake kwa kuwa ni mgeni wa bahari. Wa kaskazini alikwenda tu akakiwekea kofia yake. Ami akaona ni busara amwite fundi seremala akikate mikono kile kiti, vyote viwe sawa. Kikakatwa, kikabaki na vigutu viwili mbele ya baraza. Sasa hakuna aliyekitaka, maana kilionekana kama kiti kilichohukumiwa kwa wizi. Mwisho wakubwa wote watatu wakakaa chini mkekani, na Bwana Shauri, ambaye magoti yake hayakukunjika, akakaa peke yake juu ya kile cha vigutu, akitabasamu. Alidhani tumempa heshima.

Maneno ya mwezi tuliyasikia kutoka nyuma ya pazia la ndani. Wa visiwani alisema mwezi ukionekana kwao umeonekana kwa watu wote. Wa kaskazini alisema kila mji na mashahidi wake. Ami alisema Bagamoyo ina mawingu, na mawingu yake yaheshimiwe. Bwana Shauri, kwa kinywa cha karani mkalimani, akauliza kama haiwezekani kufuata kitabu cha hesabu za nyota kilichoko bomani. Wakamtazama kama mtu aliyewaomba waswali wakielekea Ulaya.

Walipochoka kubishana, wakala. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na changu wa Mbegani wa kupaka. Kwa muda mzuri barazani palisikika kutafuna tu, na niseme ukweli, huo ndio ulikuwa wakati wa amani kuliko wote. Kisha mgeni wa kaskazini akalamba vidole, akauliza:

"Samaki huyu kapikwa na nani?"

"Binti wa marehemu kaka yangu," alijibu ami. "Mjane. Eda yake ilikwisha zamani."

"Mimi nina wake watatu."

"Mashaallah."

"Basi nipe huyu, mwezi wako nitauona."

Ami hakuomba hata muda wa kunawa mikono. "Nimekupa," akasema.

Nilikuwa nimeshika sinia la halwa. Nililiweka chini taratibu. Mume wangu wa kwanza nilipewa nikiwa mwanamwali, na Mungu alinipendelea, akawa mtu wa huruma. Lakini huyu wa sasa nilikuwa simjui zaidi ya dafu lake la forodhani na kofia yake juu ya kiti. Nilitaka kulia, na wakati huohuo hasira ilikuwa inapanda kutoka miguuni. Nimepimwa kwa samaki! Tena nimetolewa kuwa kitoweo cha mawingu ya Bagamoyo.

"Mama mkubwa," nilinong'ona, "umesikia?"

"Nimesikia. Nyamaza kwanza. Wanaume wakishiba hawana haraka ya kufikiri."

Kumbe mmoja alikuwa amefikiri. Mgeni wa visiwani aliweka kikombe chini, akasema, "Ala! Kumbe kwenu mwezi hununuliwa kwa mahari?"

Ami, kwa kuogopa mkutano kuvunjika, akafanya jambo aliloliona la hekima kubwa. Akamwomba yule wa visiwani aozeshe yeye mwenyewe, palepale, kwa kuwa ndiye aliyesoma kuliko wote. Alitaka kumpoza kwa heshima. Wa visiwani akakubali upesi mno. Akavuta joho, akasogea karibu na pazia.

"Binti," akasema kwa sauti ya mimbari, "umeridhika kuolewa na bwana huyu?"

Sikujibu.

"Amenyamaza," alisema ami kwa furaha. "Kunyamaza ndiko kuridhika."

"Hiyo ni kwa mwanamwali," akajibu wa visiwani, na nilisikia kabisa jinsi alivyokuwa akifurahi. "Huyu alikwisha kuolewa. Lazima atamke kwa ulimi wake. Binti, nakuuliza tena."

Sikudhani kwamba alikuwa ananihurumia. Alikuwa anamkomoa mwenzake. Lakini mlango ukifunguliwa, mtu hamuulizi aliyeufungua alikuwa na nia gani. Mama mkubwa alinigusa mgongo.

"Shikamoo ami," nikasema. "Shikamooni mabwana. Sikuridhika."

Nasikia mgeni wa kaskazini alibaki na tonge mkononi. Bwana Shauri akamuuliza karani nimesema nini, na karani, masikini, mtu mwenye watoto, akamwambia nimeishukuru serikali. Bwana Shauri akapiga makofi. Alipiga peke yake.

Baada ya hapo kila mtu alisema. Wa kaskazini alisema hajapata kuona nyumba ambayo jiko lina sauti kuliko baraza. Ami alisema mimi si mwanawe, ni mtihani wake. Hata yule wa visiwani, aliyenifungulia mlango, alisema kwao binti angejibu kwa maneno laini zaidi. Wakakubaliana wote watatu kwamba sina adabu, na hilo ndilo azimio pekee lililopita bila mtu kulipinga. Juu ya mwezi waliazimia kwamba pwani yote itafunga na kufungua kwa pamoja, kila mji kwa wakati wake. Bwana Shauri alifurahi sana, akawaarifu wakubwa zake kwamba neno limekwisha.

Mwaka ule Bagamoyo ilisherehekea Idi siku tatu tofauti.

Ami hakunisemesha. Alikula nilichopika, akakohoa nilipopita, basi. Nikaona bora nihamie Mlingotini kwa ndugu wa mama yangu, nikalime muhogo na kukaanga vitumbua vya kuuza. Huko sikupungukiwa na kitu, isipokuwa maneno ya mama mkubwa jioni.

Msimu wa pili, mchana wa jua kali, nilimwona ami anakuja kwa miguu, bila joho, kanzu imejaa vumbi la njia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikampa maji. Alikunywa, akatazama muhogo wangu, akausifu, akatazama tena.

"Kuna mtu amekuja kukuposa," akasema mwishowe. "Mshona matanga ya majahazi, wa hapa hapa pwani. Nimemwambia sina jibu mpaka nikuulize wewe."

"Ana wake wangapi?"

"Hana."

"Anapenda samaki?"

Ami akanitazama, hakujua kama acheke. "Sikumuuliza," akasema.

Nikamwambia nitafikiri, nikamkaribisha ndani, nikaenda kuwasha moto. Akakaa kwenye kigoda kifupi mlangoni, akangoja.