Jitu Nililoliua Lilikuwa Hai

Nakumbuka siku moja ya jua kali Kakuma, mwaka 2013, nilipoaibika mbele ya darasa zima, na hadi leo nashukuru. Unacheka, mwanangu? Cheka tu. Nimesikia unaandika hadithi ya vita vya majitu, ndiyo maana nimekuita.

Nilikuwa mwalimu wa kujitolea, kijana wa Lodwar mwenye majivuno ya bure. Babu yangu Ekal alikuwa ameanza kunisimulia shambulio la ujanani mwake, karibu na Kaaleng. Alikuwa ndani ya kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, akiwapa maji waliosimama juu yake, wavamizi walipofika. Mmoja akamrukia mle ndani. Babu akavua ngozi iliyofunika makali ya kisu chake, kile cha duara kinachovaliwa mkononi. Basi! Hapo nikainuka mbio kwenda kuandika, mzee nikamwacha katikati ya maneno.

Nikawafanya wapiganaji wale majitu. Shujaa wangu akamuua mkuu wa maadui, maji yakawa mekundu. Siku ya kuisoma nikamwalika babu, akaja kwa lori kutoka Lodwar. Wanafunzi, wengi wao wakimbizi wa Sudan Kusini, walipiga makofi mpaka nikavimba kichwa. Babu hakupiga. Alisimama na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake:

"Mjukuu, hukungoja mimi nimalize. Hiyo mtu umeua, iko hai. Mwezi ijayo anakuja kwangu. Akisikia nilimuua, nitamwangalia na macho gani?"

Kisha akamalizia. Kabla kisu hakijashuka, kuta za kisima ziliporomoka, zikawafukia wote wawili hadi shingoni. Kule juu, hakuna upande ulioweza kumfukua mtu wake bila kumfukua na wa wenzao. Wakatupa mikuki, wakachimba kwa mikono, maadui bega kwa bega. Waliotolewa wakaapiana kwamba hakuna atakayejisifu kamwe kuwa alimshinda mwenzake. Babu alikitunza kiapo hicho maisha yake yote, mimi nikakivunja kwa kalamu.

Msichana mmoja, aliyekuwa amekimbia vita vya kwao, akauliza taratibu, "Na maji, babu?"

"Tulichimba tena. Tukakunywa wote."

Majitu yangu yote yalikuwa madogo mbele ya mikono ile. Nikaandika upya, nikiwa nimeketi miguuni pa babu, na rafiki yake, yule adui wa kisimani, alipofika nikamsomea yeye kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, akamshika babu mkono, akaniambia majitu hayo niyafanye marefu zaidi.

Andika majitu yako, hata yawe na mabawa. Ila kila vita unavyovibuni umevitoa kwa watu waliovipigana kweli, na baadhi yao wangali hai. Kaa hapo mpaka wamalize kusema. Mungu akupe subira ya kusikiliza, akujalie maji karibu, na adui yako azeeke akija kukutembelea.