Zafarani Ndani ya Kalamu ya Mjerumani

Mama alikataa kupasuliwa. Daktari wa hospitali ya Edgbaston, hapa Birmingham, alishamweleza, nami nikamfasiria neno kwa neno, kwamba ule uvimbe wa tumboni usipotolewa mapema utammaliza. Mama akasikiliza kwa adabu zake zote, akashukuru, akajitanda mtandio wake vizuri. Tulipokuwa kwenye basi la kurudi Erdington akanigeukia.

"Mie sitii mkono wangu kwenye karatasi yao mpaka ninywe kombe. Na kombe aniandikie baba yako."

Nikamwambia, mama, msikitini masheikh wamejaa tele, nitakuletea kombe hata ndoo nzima. Akatikisa kichwa. "Hao siwajui. Aandike yeye, au basi." Nilikasirika hata tukapitiliza kituo chetu.

Baba alikuwa karani wa mahakama Unguja mpaka alipostaafu. Lakini kabla hajawa karani alifundishwa na babu, baba yake, kuandika makombe: aya za Kurani, kwa zafarani iliyorowekwa kwenye marashi, juu ya sahani nyeupe; kisha maandishi yanaoshwa kwa maji na mgonjwa anayanywa. Kwetu aliandika kwa kijiti cha mwanzi, na watu walimfuata kwa hati yake. Ile miaka ya elfu mbili tulipowaleta wazee Birmingham, mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Akaona haya, akaacha. Alisema herufi za Mungu haziandikwi zikapepesuka kama mlevi. Kilichobaki kumtii ni kalamu yake ya Kijerumani, nyeusi, nzito, yenye kidirisha cha kijani cha kuonyesha wino umebaki kiasi gani. Uzito wake ndio uliomtuliza mkono.

Lo, hiyo kalamu! Mgeni hajamaliza chai, keshasimuliwa historia ya kiwanda kizima. Baba aliijua kama watu wanavyojua nasaba zao. Kwamba hakikuanza na kalamu hata kidogo. Kilianza na mkemia aliyepika rangi za wachoraji na wino, kikapita mikono kadhaa, watu wakazaliwa na kufa, ndipo mtu mmoja akaja na fikra ya kuzungusha kitako cha kalamu, pistoni ikapanda, na wino ukapanda nayo mpaka tumboni. Wakainunua fikra ile, wakaanza kutengeneza kalamu. "Kwa hiyo wino ndiye mzazi," baba alikuwa akisema, kidole juu, "na kalamu ni mwana. Ukiinywesha wino mwengine umeitia sumu." Wino wake ulikuwa wa kiwanda kilekile, na sisi wengine hata kuigusa kalamu hatukuthubutu.

Nilimpeleka siku moja mtaa wa masonara kwenye makumbusho ya nibu, zile ncha za kalamu, maana zamani Birmingham ndiyo iliyokuwa ikiitengenezea dunia nibu za chuma. Nilidhani nitamfurahisha. Alimsikiliza yule mzee wa Kiingereza aliyetuonyesha mashine, kisha akamwambia nibu zenu nzuri, bwana, lakini mlituacha tunachovyachovya kama kuku anayekunywa maji; aliyetutua mzigo ni Mjerumani. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee yule alicheka mpaka akakohoa.

Sasa nikamfikishia ujumbe wa mama. Baba akainama.

"Mwambie siwezi."

"Mwambie mwenyewe, si mnalala chumba kimoja?"

Hakumwambia. Na mama naye akasema kama hawezi, basi, yeye hamlazimishi mtu. Siku zikapita hivyo, mmoja jikoni, mmoja chumbani, na hospitali wanapiga simu kutaka jibu. Nilipandwa na mori nikawafokea wote wawili, nikawaambia mnanichezea roho ya mama yangu. Nikalia mbele yao bila aibu.

Jumapili nilitoka kazini Nechells, kwenye ghala ninakopakia maboksi, nikafika nyumbani baada ya alasiri. Nikafungua mlango, jikoni kunanukia marashi. Baba alikaa mezani na vijiti vya mishkaki alivyovichonga viwe kalamu, na sahani zangu nzuri za wageni, zote zimechafuka manjano. Herufi zilikuwa zimekimbiana, nyengine zimemwagika mpaka ukingoni.

"Nioshee moja," akasema, bila kuniangalia.

Nilipomrejeshea alikiangalia kijiti, akakiweka chini. Akatoa kalamu mfukoni. Akaiendea sinki, akazungusha kitako, wino wa buluu wote ukamwagika. Akaikosha mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akazamisha nibu kwenye bakuli la zafarani, akazungusha tena, nami nikaona kile kidirisha kinageuka rangi.

"Baba! Utaiua!"

"Najua. Nyamaza nisije nikakosea."

Akaandika. Nibu ilikwaruza sahani mpaka meno yakaniuma, nyuzi za zafarani zikikwama alizifuta kwa kitambaa, akiendelea. Mkono ulitulia. Zafarani iliganda humo ndani na kalamu ile haikuandika tena, ila siku hiyo iliandika mpaka mwisho, mstari kwa mstari, kwa hati ileile ya Unguja.

Niliibeba sahani chumbani. Baba alinifuata, akaishia mlangoni. Nikamwekea mama jagi la maji, lakini hakuliosha kombe. Alivaa miwani, akaanza kulisoma, midomo ikicheza polepole. Alipofika chini akakwama.

Babu alimfunza kumalizia kwa jina la mgonjwa, na pale chini paliandikwa jina la mama. Watu wa mtaa mzima walipata kuandikiwa na baba, lakini kule Unguja kila mama alipougua ni babu aliyekuwa akimwandikia. Mimi tangu nizaliwe sijamsikia baba akimwita mkewe kwa jina. Mbele za watu alikuwa "mama yao", wakiwa wenyewe "we bibi". Hata barua alizotuma ujanani akiwa safarini alimwandikia kaka yake mama, salamu zipitie huko.

"Nilidhani umelisahau," mama akasema.

"Nitalisahau vipi?"

"Haya, lisome."

Baba akanitazama mimi, akatazama zulia. Kisha akalitaja jina lake, mara moja. Mama akamimina maji, akaizungusha sahani mpaka herufi zote zikayeyuka, akanywa, akanywa na yale machicha ya chini. Akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akaninyooshea mkono.

"Ilete hiyo karatasi yao," akasema. "Upesi, nitie saini kabla sijaogopa tena."